Chaki Nyuma ya Sikio

Kitu cha kwanza Somoe alichokiona ni kipande cha chaki nyuma ya sikio. Kisha akaona gauni la marehemu Mwalimu Nakiete, na miwani yake. Vyote alikuwa amevivaa Bi Mwanahawa, mtani wa familia, aliyekuja kuwachekesha wafiwa siku ya kuanua matanga.

"Kimya! Hali mtu kabla sijaita majina!" akafoka, kwa sauti ileile ya mwalimu. "Kirumbi!"

"Nipo, mwalimu!" akaitika mume wa marehemu, huku ameshika mbavu kwa kicheko. "Jamani, mke wangu huyo! Hata mimi hakunisamehe."

Watoto wake nao wakaitika.

Somoe akainama. Alipoacha shule na kuja kuishi nyumbani humu, mwalimu alimfundisha kusoma jikoni, na kila jioni, akiita majina ya watu wa nyumbani kabla ya chakula, alimwita wa mwisho. Yeye aliinua mkono tu, kwa haya.

"Ipo siku nitaisikia sauti yako," mwalimu alikuwa akimwambia.

"Somoe!" akaita Bi Mwanahawa. "Au ulimi umeusahau kwenu?"

Wote wakageuka. Mkono ukaanza kupanda. Akaushusha.

"Nipo, mwalimu!" akaitika, kwa nguvu hata kuku wakakurupuka uani.