Saa ya Marehemu Padri

Jumapili, saa nne asubuhi, ukungu wa Ufipa ulikuwa bado umetanda katika uwanja wa kanisa, Chanji. Misa ilikuwa imekwisha. Katika mnada wa kuchangia kanisa, Coleta alikuwa akinadi saa ya mfukoni iliyotolewa na mwenye duka wa Majengo.

"Ni ya marehemu padri," alisema mwenye duka. "Tangu azikwe, haijatiwa ufunguo."

Coleta aliiweka sikioni. Ilikuwa inatembea. Watu walisogea karibu, na mlio wake mdogo ukaelea ukunguni.

"Muujiza!" Mzee mmoja aliyeshika kamba ya ng'ombe alifanya ishara ya msalaba. "Padri yule ndiye aliyenibatiza. Mwanangu, natoa mtamba wangu."

"Mzee, si ndiye ng'ombe pekee uliye naye?"

"Ndiye huyo huyo. Gonga meza!"

Coleta alipenyeza ukucha chini ya mfuniko wa nyuma. Ndani, betri mpya iling'aa kama gamba la samaki mgebuka.

"Dada," mwenye duka alinong'ona, "ni kwa faida ya kanisa."

Coleta aliinua saa ikiwa wazi, watu wote waione. Mwenye duka alielekea getini. Mzee alikaza kamba ya mtamba wake, kisha akaomba aisikilize saa mara moja tu.