Fundo la Bega

"Wewe hufanya kazi gani?" mama wa sindano, mganga wa misuli, aliniuliza, kidole chake kikibonyeza fundo la bega langu la kulia.

"Nabeba magunia ya kahawa."

Alipitisha sindano kwenye moto wa jiko, akanidunga. Msuli uliruka wenyewe chini ya ngozi, na maumivu yakashuka mpaka kiganjani.

"Gunia haliumizi hapa," alisema. "Mpagazi huumia shingo. Hapa huumia mtu anayeinua mkono na kuushusha, kutwa nzima."

"Pia napasua kuni," nikasema haraka. Koti langu la homugadi, askari msaidizi wa wakoloni, nilikuwa nimeliacha Ruiru, nikaja mpaka Thika ili nisijulikane.

Kwenye mkeka wa pili mwanamume alikuwa amelala kifudifudi, sindano sita zimesimama mgongoni mwake katikati ya makovu marefu. Nilidhani amepitiwa na usingizi. Sasa aligeuza uso, nikamtambua. Ni Gathogo. Mwaka wa kwanza wa Emajensi, wakoloni walipokuwa wakiwasaka wapiganaji wa msituni, tulimhoji kambini siku nne, na rungu lilikuwa mkononi mwangu.

Nilingoja aseme. Mama naye alingoja, sindano ya pili ikiwa tayari.

Gathogo hakunitazama usoni. Alitazama mkono wangu.

"Ni kweli, hupasua kuni," alisema. "Nimemwona."

Akaugeukia ukuta tena.

"Mdunge polepole, mama. Huyu hajazoea uchungu."