Kilomita Tisini za Luitfrida

Siku hizo mwenye gari la umeme aliruhusiwa kumwekea kila dereva mpaka wake wa umbali, na gari halikulazimika kumweleza. Mabasi yalikuwa yameshaondolewa barabarani.

Kwa miaka mitatu Luitfrida alipanga kwenda Njombe kumwona mama yake: achaji Mikumi, alale Iringa, asubuhi amalizie. Kila alipowasha gari pale Morogoro, lilimjibu kwa upole, "Betri imechoka. Hatutafika Mikumi." Hata siku mama yake alipozikwa lilisema hivyohivyo, naye akalia huku ameshika usukani.

Siku moja alilipeleka kwa fundi Zamoyoni. Fundi akapima, akapima tena.

"Dada, betri hii nzima kabisa. Wewe umewekewa kilomita tisini tu."

"Na nani?"

"Mwenye gari."

Mwenye gari alikuwa mumewe, Ponsiano, aliyemfuta machozi siku ile ya mazishi. Jioni alimkuta mezani, akamuuliza. Ponsiano hakukana.

"Nilihofia ukienda kwenu hutarudi."

"Mama yangu kazikwa bila mimi, baba Fausta."

Ponsiano alinawa mikono, akachukua simu, akabonyeza mara mbili tatu, kisha akatabasamu kama mtu aliyeleta zawadi.

"Haya, yaishe. Nimekuongezea hamsini. Sasa utafika Mikumi."

Luitfrida alilitazama tabasamu lile, akaanza kujiuliza ni mambo gani mengine amewekewa mpaka bila kuambiwa.