Marehemu wa Safu ya Sita

Asubuhi ya kwanza ya kufa kwake, Delbert Stamper aliamka saa moja kasoro robo akiwa na njaa.

Alikuwa na nundu kisogoni na kumbukumbu moja tu ya jana yake: uwanja wa besiboli wa Tarkin, raundi ya tisa, ambayo ndiyo ya mwisho, Makorongo, timu ya mji wao, wakiongoza tano kwa moja. Alisimama kwenye safu ya sita akatangaza kwa sauti iliyofika hadi maegesho ya magari, "Hii tumeshamaliza, jamani! Nendeni mkalale!" Watu wakashika vichwa. Nusu saa baadaye Makorongo walikuwa wameshindwa sita kwa tano. Delbert aliteremka kwa hasira, akakosa ngazi moja. Baada ya hapo, giza.

"Fern," alimwita mkewe jikoni, "kichwa kinanigonga."

Fern alimimina kahawa, akatazama dirishani. Delbert aliita mara ya pili, na ya tatu. Mkewe hakugeuka.

Ilimchukua hadi saa nne kuukubali ukweli. Lonnie Pruitt, rafiki yake tangu darasa la pili, alipishana naye barabarani akitazama mawingu. Kanisani mchungaji alipeana mikono na benchi zima, akaruka mkono mmoja. Delbert alisimama katikati ya njia kuu akapiga ukelele. Mama mmoja alimvuta mwanawe kando, wakaendelea na safari. Hata jina lake halikutajwa tena mjini. Walisema "yule", tena kwa kunong'ona. Mbwa wake tu ndiye aliyemlaki, na kila mtu anajua mbwa huwaona wafu.

Kuhusu kifo, Delbert aligundua mambo ambayo hayakuwahi kuhubiriwa. Wafu husikia njaa. Wafu hujikata wanaponyoa ndevu. Fern aliendelea kuweka sahani mbili mezani, kama wafanyavyo wajane wapya, na marehemu alikula yake kwa unyenyekevu. Mazishi yake mwenyewe aliyakosa, jambo lililomuudhi kidogo.

Lakini kwa nini alikuwa bado yupo? Jibu lilitoka uwanjani. Siku ileile ya kwanza, Makorongo walishinda. Kesho yake wakashinda tena. Timu iliyokuwa haijagusa kombe tangu Delbert akiwa na nywele ilianza kucheza kama iliyoingiwa na pepo, na Delbert alimjua pepo huyo. Ameachiwa amalizie msimu, basi. Mpigaji wa mwisho wa mechi ya mwisho akitolewa, na yeye anaondoka.

Hapo ndipo shabiki alipopasuka vipande viwili. Alilitaka kombe kuliko kitu chochote. Na kila mchezaji alipotolewa, alihisi baridi ikimpanda miguuni.

Mlangoni mwa uwanja mkata tiketi aligeuza uso, na Delbert akapita bure. Aliketi mahali pake, kando ya Fern. Nyuma yake, mbele yake na upande wake wa pili, viti vilibaki wazi, mechi baada ya mechi, hata uwanja ulipojaa hadi watu wakakalia ngazi.

"Vipi nyumbani, Fern?" Lonnie aliuliza siku moja kutoka safu ya nne.

"Kimya," alisema Fern. "Nimezoea upesi kuliko nilivyodhani."

"Jikaze. Jumapili yote yanakwisha."

Delbert alilisikia neno hilo likimshukia kama koleo la udongo.

Jumapili ikafika. Fainali, mchana wa jua kali, wakiwa wameshinda mara kumi na tatu mfululizo. Raundi ya tisa, Makorongo mbele kwa pointi moja. Wapinzani wawili walikwisha kutolewa. Alibaki mmoja, mkubwa kama kabati, akitikisa kigongo. Fern alikuwa akiandika kila mrusho kwenye daftari lake, kama alivyoandika miaka yote.

Delbert aliona wakati umemwishia. Alimwinamia mkewe sikioni.

"Fern, najua hunisikii. Lakini siwezi kuondoka na hili. Siku aliyozaliwa mwanetu Roy, ukamzaa peke yako nyumbani, daraja halikufunikwa na mafuriko kama nilivyokuambia. Sikulala juu ya mti. Nilikuwa hapa, kwenye kiti hiki. Timu zilikuwa sare, mechi ikaongezwa hadi raundi ya kumi na saba. Miaka thelathini na minane unawasimulia watu kanisani habari za ule mti, unalia, na mimi nakupa leso. Nisamehe, mke wangu."

Penseli ya Fern ilisimama.

Mrushaji akarusha. Lile kabati likazungusha kigongo kwa nguvu zote, likapiga upepo kwa mara ya tatu, likatolewa.

Delbert alifumba macho akangoja kuchukuliwa. Akachukuliwa kweli: mikono minane ilimnyanyua kutoka kitini.

"Delbert! Njoo hapa, mwenye mdomo wa mkosi!" Lonnie alikuwa akilia kama mtoto. "Kumi na nne mfululizo! Siku tulipokununia ndiyo siku tulipoanza kushinda. Nani angethubutu kukusemesha tena? Mke wangu aliapa kunifukuza nikikuambia hata habari za asubuhi!"

Mchungaji alimpa mkono, akausukasuka kufidia deni. Uwanja mzima sasa ulikuwa ukiliimba jina lake. Delbert alijipapasa kifua, shingo, masikio.

"Kumbe niko hai?"

Fern alifunga daftari, akamgeukia kwa mara ya kwanza tangu Agosti.

"Kwa sasa," alisema. "Hebu rudia hapo kwenye daraja."