Robo Mzunguko

Wiki ya tatu hii, pikipiki ya marehemu baba inanitoa jasho. Inawaka, inakohoa, inazima. Na kila ikikohoa, kama enzi za baba akirudi nayo, mama anakurupuka kubandika birika jikoni: "Baba yenu huyo, karudi!"

Sina tena nguvu ya kumwambia kwamba tulimzika mwaka juzi.

Leo nilisafisha kabureta, nikabadilisha plagi. Mwisho nikazungusha skrubu ya hewa, robo mzunguko tu. Kikohozi kikakoma. Mlio ukatulia, laini kama cherehani.

Mama akajitokeza mlangoni, birika tupu mkononi.

"Mgeni gani huyo? Baba yenu mbona hafiki?"

Nilitazama kucha zangu, nyeusi tii kwa oili. Nikaokota bisibisi, nikaitafuta tena ile skrubu.

"Bandika birika, mama. Yuko njiani."