Nyumba Isiyotakwa na Mtu

Meneja alilia vizuri kuliko alivyotarajia. Chozi lilitoka jicho moja tu, la kushoto, lakini ndilo lililokuwa upande wa Mama, kwa hiyo halikupotea bure.

"Nyumba mimi ya nini, Mama?" alisema, mkono kifuani. "Mimi nakutaka wewe, uishi. Hivi vitu vya dunia wape wadogo zangu."

"Ahsante, baba," alisema Mama kutoka kwenye kiti chake, shuka magotini.

Kando yake alikaa wakili, miwani puani, bahasha mapajani. Alitikisa kichwa kwa adabu, hakuandika hata nukta. Mvivu, Meneja aliwaza. Halafu akamsamehe. Siku ya mazoezi mtu aandike nini?

Maana Meneja alikuwa anajua. Jina hilo alipewa tangu utotoni kwa kupenda kusimamia wenzake wakifanya kazi, na mtu wa namna hiyo hakosi habari. Hii ilitoka kwa mkewe, aliyeiokota kwenye foleni ya zahanati, kwa shoga yake Mama, mwanamke ambaye siri ikimwingia sikioni imeshafika mdomoni.

"Kikao hicho ni mazoezi tu," shoga alinong'ona. "Anawapima. Atakayeonyesha tamaa, amekatwa. Wosia wenyewe utaandikwa wiki ijayo."

Tangu hapo Meneja akawa mtu asiyetaka kitu. Mwenye nyumba aliyompangisha alishaagwa. Mkewe alishashona mapazia ya sebule hii hii, vipimo akavichukua siku Mama alipopelekwa kupimwa macho. Yalikuwa kwenye buti la gari, yamepigwa pasi, yakisubiri msiba kwa heshima zote.

Ikaja zamu ya dada wa kati. Meneja alikaa mkao wa kuona mtu akiumbuka, kwa sababu huyu ndiye aliyegombania mfuniko wa sufuria hata matanga ya shangazi hayajaisha.

Dada akapiga magoti.

"Hata mimi sitaki, Mama. Nyumba, vyumba vya duka vya mbele, kiwanja cha nyuma, vyote achukue kaka."

"La, achukue dada," Meneja akasema.

"Kaka, usinivunjie heshima mbele za watu!"

"Nimesema sitaki hata tofali."

"Na mimi sitaki hata msumari!"

Wakasukumiana nyumba kama sufuria iliyotoka motoni. Majirani wawili walioitwa kushuhudia, wamebanana kwenye benchi karibu na mlango, walitazamana. Huyu naye kaambiwa, Meneja aliwaza kwa uchungu. Mdomo wa yule mwanamke!

Wakili alikohoa kikohozi kisicho na kifua. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza, kama mtu anayefuatisha wimbo anaoujua.

Akabaki kitinda mimba. Huyu alikuwa anaishi humo ndani na Mama, akimwogesha, akimkata kucha, akiamka anapoitwa. Umbea haukuwahi kumfikia, kwani umbea nao unataka mtu mwenye nafasi ya kukaa.

"Mimi naitaka," alisema, macho sakafuni.

Dada alisahau kuinuka.

"Unasemaje wewe?"

"Naitaka nyumba, dada. Mama akiondoka mimi sina pa kwenda. Na hilo paa la jikoni likivuja anayepanda ni mimi."

"Huna haya! Mama yu hai, wewe unamchimbia kaburi?"

"Mwache," Meneja alisema kwa upole mwingi, huku moyo ukimpigia vigelegele. Maskini, amefeli hata swali hajalisoma. "Tamaa ni ugonjwa. Tumwombee tu mdogo wetu."

"Basi," wakili akafungua bahasha, "kila mmoja atie sahihi kwa aliyoyasema."

Karatasi zilikuwa zimeshachapwa. Meneja hakuisoma yake. Mtu asiyetaka kitu anasoma ili apate nini? Alitia sahihi ndefu, yenye mkia, akampokeza dada kalamu kama mtu anayetoa sadaka. Mama na majirani wakatia zao. Muhuri ukagonga meza. Wakili akampa kitinda mimba karatasi moja, naye akaikamata kwa mikono yote miwili.

Meneja alisimama, akalifuta lile jicho lililokwisha kukauka.

"Haya Mama, tumekuelewa. Sasa wiki ijayo tuje saa ngapi?"

"Mje kufanya nini, baba?"

"Si ule wosia wenyewe?"

"Wosia wa nini tena? Nyumba nimeshampa mwenye kuitaka. Muhuri hukuusikia?"

"Lakini shoga yako..." Meneja aliinyooshea kidole ile bahasha. "Shoga yako alisema leo ni mazoezi tu!"

Mama alicheka mpaka shuka likamtoka magotini.

"Yule? Tangu tuwe wasichana hajawahi kunitunzia siri hata moja. Ndiyo maana nikampa hiyo."

Akamwashiria Meneja ainame, akampangusa shavu la kushoto kwa kidole gumba.

"Mazoezi tulifanya jana, baba, mimi na wakili. Yeye akawa dada yako, mimi nikawa wewe. Nilikuzidi kidogo tu, mimi nililia macho yote mawili."