Kila Jumamosi Ni Mara ya Kwanza

"Leo ndio umenikumbuka?" Kila Jumamosi mwanangu Mghanga hunipokea hivyo, akinitazama kama takataka kupitia kioo. Nimekuja mara kumi na nne. Lakini siku hizi mgeni akiaga, mfungwa huvishwa kofia inayomfutia ziara nzima kichwani, eti wasipange njama.

"Ni kwa usalama, mama," husema askari wa zamu, mpuuzi mmoja anayechokonoa meno mbele za watu.

Njama gani? Ya chapati nilizoleta?

Baba yake alipofariki nilimwambia. Alilia mpaka akaishiwa na pumzi. Jumamosi iliyofuata akaniuliza, "Baba hajambo?" Nikamwambia tena, akalia upya. Mara ya tatu alilia vilevile, na yule askari akapiga miayo.

Mara ya nne nikajibu, "Hajambo."

Leo Mghanga ameniuliza kwa nini mzee hajawahi kuja kumwona.

"Ana kiburi," nikasema.

"Basi mwambie afe na kiburi chake!"

"Nitamwambia."

Askari akacheka, akaenda kuchukua ile kofia. Nikatamani aanze na mimi.